Mbele uchafu ufike ku ziwa: kazi ya stasyo ya maji machafu

Mvua kubwa ikinyesha Bukavu, muto Kawa hauchelewi kubadilika. Kwa nusu saa maji inakuwa nyeusi, kisha nyekundu ya udongo, na inashuka na kila kitu: chupa za plastiki, majani ya soko, maji ya sabuni, na maji ya misalani yenye watu wamoja wa ku milima walikuwa wanangoja mvua ili waifungue. Yote inaingia mu ziwa Kivu. Si mbali na hapo, mutoto anazamisha bido yake mu ziwa lile lile, anaijaza, anaiweka ku kichwa na kupandisha mulima.

Wakaaji wengi wanajua kama hiyo si muzuri. Lakini kuko jibu moja lenye linarudia kila mara watu wanapozungumuza juu ya mambo hii: maji inatembea, ziwa ni kubwa, uchafu utapotea wenyewe. Jibu hilo si uongo kabisa, njo maana inafaa kulipima vizuri. Stasyo za kusafisha maji machafu, zile zenye miji mingi ya dunia inajenga kwa pesa nyingi, zinafanya kazi ile ile yenye muto unafanya. Tofauti ni fasi yenye kazi inafanyikia, na ni nani anailipa.

Muto unajisafisha, lakini kuko deni

Maji machafu ya muji, karibu yote ni maji tu. Kwa lita 1000, uchafu wenyewe ni kama kilo 1 hivi. Lakini ile kidogo ni chakula: mabaki ya sosi, mafuta ya kupikia, mukojo, choo, sabuni. Mu muto kuko bakteri, vidudu vidogo sana vyenye jicho haliwezi kuona, na kwao hiyo ni karamu. Wanakula, wanazaana, wanakula tena. Baada ya siku kadhaa, uchafu mwingi umegeuka kuwa gazi, maji, na miili ya bakteri wenyewe. Kwa hiyo mwenye anasema kama muto unajisafisha anasema kweli.

Shida ni kama bakteri hao wanapumua. Wanatumia oksijene yenye iko ndani ya maji, ile ile yenye samaki anatumia. Na maji haina oksijene mingi: lita moja ya maji safi ya ziwa inabeba karibu miligramu 7 ao 8 tu. Ku laboratwari, wanapima nguvu ya maji machafu namna hii: wanafunga kiasi fulani mu chupa, wanaiweka mu giza kwa digri 20, wanangoja siku 5, kisha wanaangalia bakteri walimaliza oksijene ngapi. Kwa maji machafu ya muji, kukuta miligramu 300 kwa lita moja ni jambo la kawaida. Ukigawanya, unaona kama lita moja ya maji machafu inaweza kumaliza oksijene yote ya lita 40 za maji safi.

Ndoo moja ikimwagwa mu ziwa, hakuna mutu ataona kitu. Upepo na mawimbi inarudisha oksijene. Kartiye nzima yenye inamwaga kila siku ku fasi moja, hiyo ni mambo ingine. Oksijene inaisha mbele hewa ipate wakati wa kuirudisha. Samaki wanakimbia, mayai yao inakufa, na bakteri wa aina ingine, wenye hawaombi oksijene, wanaingia kazini. Hao njo wanaleta ile harufu ya mayai yaliyooza yenye kila mutu anajua pembeni ya mito myeusi ya mu miji.

Na oksijene si yote. Mukojo na sabuni inabeba azoti na fosfori, vitu vile vile vyenye viko mu mufuko wa mbolea. Mu shamba ni baraka. Mu ziwa vinakomalisha mimea midogo ya kijani mpaka maji inafanana na supu ya sombe, na magugu ya maji inafuata. Mimea hiyo ikikufa inazama, bakteri wanaila, na oksijene inaisha mara ya pili.

Ya tatu ni magonjwa: kolera, tifoide, amibe, minyoo. Juu ya hiyo, mu Mashariki mwa Congo hakuna mutu wa kufundishwa. Kolera imezoea Uvira, Fizi, Kalemie na Goma kwa miaka mingi, na mu mwezi wa Julai 1994, kolera na kuhara viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi ku Goma kwa majuma machache.

Kampala, muji wenye unakunywa maji yake

Ili kuona stasyo inafanya nini, haiombi kwenda mbali. Kampala, kule wafanyabiashara wa Butembo, Beni na Bunia wanaenda kuchukua bidhaa, ni mufano wenye unasema mengi, ya muzuri na ya mubaya.

Mwenye alishafika ku soko la Owino anajua ule mufereji mukubwa wa saruji wenye unapita karibu. Unaitwa Nakivubo. Unakusanya maji ya katikati ya muji, unapita ku fasi ya mausine, unaingia mu bonde la matope na mafunjo lenye lina jina lile lile, kisha unatoka mu ziwa Victoria, mu ghuba ya Murchison, kule ziwa linaingia ndani ya inchi kavu. Na ku pembeni ya ghuba hiyo, ku Ggaba, njo kuko mapompi yenye inavuta maji ya kunywa ya muji. Kampala inaoshea na kukunywa mu beseni moja.

Stasyo ya kwanza ilijengwa ku Bugolobi mu miaka ya 1940, wakati wa Waingereza, muji ukiwa bado mudogo. Iliongezwa kidogo kisha, lakini muji ulikomaa mbio zaidi. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa inafanywa na lile bonde la mafunjo: mizizi inashika matope, bakteri wanakaa ku mashina, mafunjo inakula azoti na fosfori. Ku mwisho wa miaka ya 1990, wanauchumi walipiga hesabu ya kazi hiyo ya bure, wakakuta inafikia karibu dola milioni 1 kwa mwaka, ao kupita. Wakati ule watu walikuwa wanaendelea kukata mafunjo ili wapande mateke na miwa, wengine wanajenga, na maji ya mufereji ikajifungulia njia ya kwenda moja kwa moja ku ziwa.

Matokeo ilionekana ku Ggaba. Ghuba ikawa kijani. Kampuni ya serkali ya Uganda yenye inashugulikia maji, National Water and Sewerage Corporation, ilipaswa kutumia dawa mingi zaidi ili maji ya ghuba ifae kunywa. Ku mwisho, Uganda ilijenga mutambo ingine wa maji ya kunywa mbali kabisa, ku Katosi, wilaya ya Mukono, upande wa mashariki. Sababu moja ni kama muji ulikuwa unahitaji maji mingi. Sababu ingine ni kama kule ziwa lilikuwa bado safi. Tiyo ndefu ya kilometa na kilometa, na pesa ya kukopa, ili kukimbia uchafu wa muji wenyewe.

Upande wa pili wa kazi ulikuwa kushika uchafu mbele uingie mu ziwa. Mu 2014, stasyo ya Lubigi ilifunguliwa ku kaskazini-magharibi ya muji. Halafu, karibu na ile ya zamani ya Bugolobi, ikajengwa stasyo kubwa ya Nakivubo, kwa musaada wa Banki ya Maendeleo ya Afrika, Ujerumani na Umoja wa Ulaya. Ilipangwa kupokea lita milioni 45 kila siku.

Ndani ya stasyo

Maji ikifika, inapita kwanza ku griyaji ya vyuma. Hapo kunabaki nguo, chupa, mifuko ya plastiki, na vitu ingine vyenye watu wanatupa mu choo wakifikiri vimeisha. Kazi hii haina sifa, lakini stasyo yenye griyaji yake haisafishwi inakufa mbio, juu mapompi inaziba. Watu wa Bukavu hawahitaji maelezo: ku barajo ya Ruzizi, plastiki yenye inatoka mu ziwa inakuja kufunga mitambo ya umeme, na wafanyakazi wanashinda wanaiondoa.

Kisha maji inapita polepole mu mufereji wenye muchanga unaangukia. Halafu inaingia mu matangi makubwa ya duara na kulala humo karibu saa 2. Vitu vizito vinazama, mafuta inaelea juu na inakwanguliwa. Kwa kulala tu, bila dawa, maji inaacha nusu hivi ya uchafu wenye ulikuwa unaelea ndani yake, na karibu sehemu moja ya tatu ya ile njaa ya oksijene.

Yenye inabaki imeyeyuka, haiwezi kuzama. Hapo njo kuko moyo wa stasyo, na moyo huo ni bakteri wale wale wa mu muto.

Njia ya kwanza ya kuwatumia ni ya zamani na ni rahisi kuelewa. Tangi linajazwa mawe, ao vipande vya plastiki. Juu yake, mikono ya chuma inazunguka na kunyunyiza maji machafu. Ku mawe kunamea utelezi, kama ule wenye unaangusha watu wakivuka muto. Utelezi huo ni bakteri, mamilioni na mamilioni. Maji inateremuka polepole kati ya mawe, hewa inapanda upande wa pili, bakteri wanakula na kupumua. Ni muto wa milima wenye umekunjwa ndani ya tangi. Ku Bugolobi ya zamani njo walikuwa wanafanya hivyo.

Njia ya pili ilitoka ku Manchester, Uingereza, mu 1914. Watu wawili, Edward Ardern na William Lockett, walipuliza hewa ndani ya maji machafu, jambo lenye wengine walikuwa walishajaribu. Lakini wao hawakutupa matope yenye ilibaki chini. Waliiacha humo, wakaongeza maji machafu mapya juu yake, wakapuliza tena. Matope hiyo ilikuwa bakteri wengi, wenye njaa, wenye walishazoea kazi. Kazi yenye ku mwanzo ilichukua majuma ikaanza kumalizika kwa saa. Leo, stasyo kubwa mingi ya dunia inatumia njia hiyo.

Haiombi nafasi kubwa, lakini inakula umeme. Mashini ya kupuliza hewa haipaswi kusimama. Umeme ukikosa siku moja ao mbili, bakteri wanakosa pumuzi, wanaanza kufa, na kuwafuga upya kunaweza kuchukua majuma. Mwenye anaishi mu muji wa delestaji anaelewa mara moja kama mutambo wa namna hiyo, hata ukiletwa wa bure, unaweza kubaki sanamu.

Baada ya bakteri kushiba, maji inaingia mu matangi ya pili ya kulala. Bakteri wanashikamana, wanazama, na maji ya juu inatoka karibu wazi. Mu 1999, sheria ya Uganda iliweka mupaka: maji yenye inarudi mu ziwa ao mu muto isidai zaidi ya miligramu 50 za oksijene kwa lita. Rudia ile hesabu ya mbele. Maji yenye ilikuwa inamaliza oksijene ya lita 40, sasa inaomba ya lita 7. Deni hilo, ziwa linaweza kulilipa bila samaki kufa. Karamu ya bakteri ilifanyikia mu tangi, na hewa ililipwa na muji.

Matope, na mambo yenye stasyo haiwezi

Wenye wanatembelea stasyo wanaangalia maji. Wafanyakazi wao wanawaza matope, juu ile yote yenye ilizama haikupotea. Iko pale, nzito, inanuka, na kila siku inaongezeka. London ilikuwa inapakia matope yake mu mashua na kwenda kuimwaga mu bahari. Uingereza iliacha kabisa desturi hiyo mu 1998 tu. Muto ulikuwa unaokolewa, bahari inapokea.

Leo matope inawekwa mu matangi yenye kufungwa, bila hewa. Bakteri wengine wanaila humo kwa majuma na kutoa gazi metane. Ni gazi ile ile yenye iko chini ya ziwa Kivu, ile yenye upande wa Rwanda wanavuta ku Karongi ili wapate umeme. Ku Nakivubo, gazi ya matope iliwekwa mu mupango wa kutoa umeme wa kusaidia stasyo yenyewe. Yenye inabaki inakaushwa na inaweza kuwa mbolea, lakini si mara moja: mayai ya minyoo ni migumu, inaweza kuishi mu matope miezi mingi. Mulimaji mwenye anachukua matope mabichi anarudisha minyoo ku sahani.

Kuko pia mambo yenye stasyo ya kawaida haiwezi kufanya. Maji yenye inatoka haiko ya kunywa. Mikrobe zimepunguka sana lakini hazijaisha; ili kuzimaliza inaomba klore, taa ya pekee, ao siku mingi za jua. Fosfori, sehemu kubwa inapita, isipokuwa kuko mutambo wa kuongezea. Na uchafu wenye si chakula, kama mafuta ya motere, asidi ya batri na rangi ya usine, bakteri hawaukuli. Unawaua. Usine moja yenye inamwaga sumu yake usiku mu tiyo ya muji inaweza kuharibu kazi ya watu wote.

Kwa inchi zenye jua mingi na umeme kidogo, kuko njia ingine: mabwawa. Maji machafu inapita bwawa moja, la pili, la tatu, polepole, kwa siku mingi. Mu la kwanza matope inazama. Mu yenye kufuata, mimea midogo ya kijani inatoa oksijene na bakteri wanaitumia. Mu la mwisho, lenye halina kina kirefu, jua linaua mikrobe. Hakuna mashini ya hewa. Lubigi inafanya namna hiyo. Ku Bujumbura pia, stasyo ya Buterere, upande wa kaskazini ya muji, ni ya mabwawa. Bei ya njia hii ni udongo: inaomba fasi kubwa, ya kutambarara, na mu miji yenye kila metre inagombaniwa, fasi hiyo inaombwa kulindwa mapema.

Tiyo bila stasyo, stasyo bila tiyo

Mu 1858, harufu ya muto Thames ilikuwa kali mpaka wabunge wa London walishindwa kufanya kazi vizuri. Waliamua pesa, na enjenyere Joseph Bazalgette akajenga matiyo makubwa chini ya udongo ili kubeba uchafu mbali na muji. Kolera ikaisha London. Lakini uchafu haukusafishwa, ulisukumwa tu chini ya muto, ku Beckton na Crossness. Karibu miaka 100 baadaye, mu 1957, wajuzi wa wanyama walitangaza kama sehemu hiyo ya Thames imekufa. Samaki walirudi mu miaka ya 1960 na 1970, wakati stasyo za Beckton na Crossness ziliongezewa nguvu. Leo walishahesabu kule aina kupita 100 za samaki, na foka wanapanda kutoka bahari.

Kampala inaonyesha upande wa pili wa shida hiyo. Stasyo iko, lakini nyumba zenye zimeungwa ku matiyo ni sehemu ndogo tu ya muji. Wengi wanatumia mashimo, sana sana mu kartiye za chini zenye maji inafurika. Stasyo ya lita milioni 45 haisafishi choo chenye hakina tiyo. Watu wa siasa wanapenda kukata utepe wa stasyo; hakuna mwenye anakata utepe wa tiyo yenye imezikwa.

Mambo hii inagusa Mashariki mwa Congo moja kwa moja. Mu Goma, Bukavu, Uvira na Kalemie, hakuna matiyo yenye inakusanya maji machafu ya muji mzima na kuipeleka ku stasyo kubwa. Na kila mara REGIDESO ao mupango fulani unapoleta robine mu kartiye, jambo lenye watu wanalipigania na wana haki, maji ya kumwaga inaongezeka pia. Familia yenye ilikuwa inabeba bido mbili kwa siku ilikuwa na maji machafu kidogo. Familia yenye iko na robine na duchi iko na mufereji.

Kuko tena mambo ya maziwa yenyewe. Maji ya Bukavu inatoka mu Kivu, inashuka na Ruzizi, inaingia Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura, inatoka ku Kalemie na muto Lukuga, inaingia mu Lualaba, na ku mwisho inafika bahari ya Atlantike ku Banana. Ku karte, njia iko wazi. Lakini Tanganyika haitoi maji mingi ku Lukuga. Sehemu kubwa inapanda tu hewani kwa joto la jua, na mvuke haubebi uchafu. Wajuzi wanahesabu wakati wa maji kukaa mu ziwa hilo kwa mamia ya miaka. Tena, hata kama lina kina kupita metre 1400, oksijene iko tu mu metre 100 mpaka 200 za juu. Chini ya hapo hakuna samaki. Ndakala na mikeke vyote vinaishi mu ngozi hiyo nyembamba ya juu, na ku pembeni, kule samaki wengi wanazalia, njo kule miji inamwaga. Kwa hiyo ule usemi wa kama ziwa ni kubwa, ukipimwa, unakuwa mudogo sana.

Kipi kinaweza kuanza

Stasyo kama ya Nakivubo haitajengwa kesho mu Bukavu, na pengine haifai kuwa ya kwanza kuombwa. Bukavu ni milima: maji inashuka yenyewe, hiyo ni faida kwa matiyo na kwa yale matangi ya mawe yenye hayaombi umeme mingi, lakini fasi ya mabwawa ni kidogo. Uvira iko na uwanda upande wa Ruzizi, lakini iko pia na mafuriko. Goma iko ku mawe ya volkano: kuchimba shimo ni kazi ya nyundo, na nyufa za mawe zinaweza kupitisha maji machafu kwenda mbali bila mutu kuona. Mupango moja hauwezi kufaa miji yote hiyo.

Yenye inaweza kuanza mbele ni mashimo. Mu miji yenye haina matiyo, shimo la musalani ao fosi septike njo stasyo ndogo ya kila parseli: matope inabaki chini, maji inaingia mu udongo. Likijaa na hakuna mwenye analitoa, stasyo hiyo imekufa, na mvua njo inaimaliza kwa kuteremusha yote mu Kawa. Kamiyo ya kuvuta uchafu haiwezi kupanda avenyu za Kadutu zenye upana wa mutu na muzigo wake. Ku Kampala walikutana na shida ile ile mu kartiye za mashimo. Huko kuko vikundi vya vijana vyenye vinatumia pompi ya mukono, tiyo yenye mushikio wenye unavutwa juu na chini kama pompi ya kisima. Wanajaza mapipa, wanafunga vifuniko, wanayabeba mpaka barabara, na gari linayapeleka ku Lubigi. Stasyo hiyo ilijengwa na fasi ya pekee ya kupokea uchafu wa mashimo, metre kibe 400 kwa siku, pembeni ya maji ya matiyo. Mwenye nyumba analipa kwa hesabu ya mapipa.

Ku Bukavu, kuko vijana wenye wanatoa mashimo usiku kwa ndoo na beleshi, bila ganti, na kwa bei ya kujadili. Fasi ya kupeleka yenye walitoa njo hawana. Wanachimba shimo ingine pembeni kama parseli iko na nafasi. Kama haina, wanasubiri mvua.